Daraja la Plougastel, zege linalosogea, na matao yaliyopandishwa kwa jeki siku ya gulio

#1 · Mwanzisha uzi

Katika uzi uliopita wa madaraja ya zamani, mchangiaji mmoja aliandika kwamba zege likishashika limegeuka jiwe, na jiwe haliendi popote. Sikumjibu pale pale, kwa sababu jibu lenyewe ni refu na lina kisa ndani yake, nikaona ni heri nilifungulie uzi wake. Nitapitia daraja moja la barabara, Daraja la Plougastel nchini Ufaransa, lililofunguliwa tarehe 9 Oktoba 1930 na Rais Gaston Doumergue. Lakini kabla ya kufika hapo itabidi tusimame kwa muda kwenye daraja jingine, dogo zaidi na la zamani zaidi, ambalo nusura limuumbue mhandisi wake.

Ukitazama ramani ya Brittany, ile pembe ya magharibi ya Ufaransa inayochomoza baharini, utauona mji wa bandari wa Brest upande wa kaskazini wa mlango wa mto Élorn, na rasi ya Plougastel upande wa kusini. Kwa macho ni karibu. Kwa miguu au kwa gari la farasi, ilikuwa ama usubiri pantoni, ama uzunguke hadi Landerneau, ndani kabisa ya mto, ndipo upate pa kuvukia. Wakulima wa Plougastel walijulikana kwa stroberi, tunda ambalo halimsubiri mtu: likichumwa asubuhi linataka soko siku hiyo hiyo. Aliyewahi kukaa foleni ya kivuko cha Kigamboni kabla ya daraja la 2016, au anayekaa ya Likoni hadi leo, hahitaji kuelezwa zaidi. Aliyelishikia bango suala la daraja ni Albert Louppe, rais wa baraza la mkoa wa Finistère. Alifariki mwaka 1927, kazi ikiwa inaendelea, na daraja likapewa jina lake. Ndiyo maana katika baadhi ya vitabu mtalikuta kama Daraja la Albert Louppe.

Mhandisi alikuwa Eugène Freyssinet, aliyezaliwa mwaka 1879 katika kijiji cha Objat, Corrèze. Yeye alivuka mlango ule kwa matao matatu ya zege, kila moja likiruka takriban mita 180, na daraja zima likafika urefu wa mita 888. Wakati huo duniani hapakuwa na tao la zege refu kuliko hayo. Rekodi iliyokuwapo ilikuwa ya mita 131, na ilikuwa yake yeye mwenyewe, katika daraja la Saint-Pierre-du-Vauvray la mwaka 1923. Matao ya Plougastel hayakuwa mapande mazito ya zege, bali masanduku matupu yenye vyumba vitatu ndani, na juu yake palipangwa sakafu mbili: ya juu kwa barabara, ya chini kwa reli.

Niseme neno moja kuhusu kazi ya tao, kwa wasio wa fani. Boriti iliyolazwa juu ya kuta mbili hupinda: upande wake wa juu hubanwa na wa chini huvutwa. Zege ni hodari sana kwa kubanwa na dhaifu sana kwa kuvutwa, ndiyo sababu tunalazimika kulitia nondo chini. Tao hukwepa tatizo hilo kwa umbo lake. Likichorwa sawasawa, mzigo wote huteremka kwa kubana, kutoka kileleni hadi miguuni, na kinachobaki ni miguu yenyewe kutaka kutanuka. Kadiri tao linavyokuwa bapa ndivyo miguu inavyosukuma kwa nguvu: ukipunguza kimo chake kwa nusu, huku urefu na mzigo vikibaki vilevile, msukumo unakuwa maradufu. Shikeni hilo, maana kisa chote kimelala hapo.

#2 · Mchangiaji

Asante sana kwa mada, mkuu. Kabla hujaendelea naomba ufafanuzi mmoja. Kwa nini zege, wakati miaka ile madaraja makubwa ya kuvuka mito yalikuwa ya chuma? Na je, hayo masanduku matupu hayakuwa njia tu ya kubana matumizi?

#3 · Mwanzisha uzi

Ndiyo, yalikuwa njia ya kubana matumizi, na sioni aibu ndani yake. Zege lililo katikati ya umbo halisaidii sana kuzuia tao lisipinde. Linalosaidia ni lile lililo mbali na kati, juu na chini. Kwa hiyo ukitoa la katikati unabaki na karibu ugumu uleule kwa uzito mdogo, na uzito mdogo maana yake ni msukumo mdogo miguuni na mbao chache za kulishikilia zege likiwa bichi. Ndivyo ilivyo kwa mianzi na kwa mifupa ya ndege. Kuhusu chuma, jibu ni bei, na pia kwamba daraja liko baharini, mahali ambapo chuma kilicho wazi hudai rangi mpya kila baada ya miaka michache.

Sasa turudi nyuma miaka ishirini. Mwaka 1905 Freyssinet aliajiriwa kama mhandisi wa serikali katika mji wa Moulins, katikati ya Ufaransa. Katika eneo lake mto Allier ulihitaji madaraja matatu: Le Veurdre, Boutiron na Châtel-de-Neuvre. Kijana huyu, ambaye hakuwa amefika miaka 30, alitoa ahadi ambayo leo ingeonekana ya kitapeli: kwamba angejenga madaraja yote matatu ya zege kwa fedha zilizokadiriwa kwa daraja moja la mawe. Mkandarasi aliyemwamini aliitwa François Mercier. Kwanza walijenga tao la majaribio la mita 50 pale Moulins, ambalo miguu yake iliunganishwa kwa kamba za chuma zilizokazwa ili isitanuke. Kisha wakaingia Le Veurdre.

Daraja la Le Veurdre lilikuwa na matao matatu, la kati likiwa na mita 72.5, na yalikuwa bapa kupita kiasi: kimo chake kilikuwa sehemu moja tu ya kumi na tano ya urefu wake. Kila tao lilikuwa na bawaba tatu, yaani viungo vinavyoliruhusu kujikunja kidogo bila kupasuka, mbili miguuni na moja kileleni. Jambo la kuvutia kwangu ni namna alivyoyatoa matao kwenye mbao. Desturi ilikuwa kuteremsha mbao: unalegeza kabari au unamwaga mchanga uliozishikilia, mbao zinashuka, tao linabaki peke yake likishtuka kwa uzito wake. Freyssinet alifanya kinyume. Aliweka jeki kileleni, kati ya nusu mbili za tao, akazisukuma nusu hizo zitengane, na tao lenyewe likanyanyuka kidogo kutoka kwenye mbao, taratibu, kwa kipimo anachokitaka yeye. Na zile nafasi za jeki hakuziziba moja kwa moja. Aliziacha ziwe akiba.

Daraja likapita majaribio ya mzigo. Watu wakashangilia, barabara ikafunguliwa.

#4 · Mchangiaji, fundi mwashi

Mhandisi, hapo kwenye kunyanyua tao kwa jeki umenigusa. Sisi kwenye slebu tunafumua mirunda, zile nguzo za muda za kuishikilia, kwa kuanza katikati, tukienda pembeni, ili slebu ipokee uzito wake polepole. Nadhani wazo ni hilohilo.

#5 · Mwanzisha uzi

Ni hilohilo, fundi.

Miezi kadhaa baada ya daraja kufunguliwa, Freyssinet aliona jambo ambalo kanuni rasmi za Ufaransa za mwaka 1906 hazikuwa na nafasi yake. Kwa mujibu wa hesabu za wakati ule, zege likipewa mzigo hufupika kidogo papo hapo, kisha basi; mzigo ukikaa siku moja au miaka kumi, ufupi ni uleule. Lakini ukingo wa pembeni wa daraja, ambao ulijengwa ukiwa umenyooka, ulianza kubonyea. Hilo ni jambo ambalo fundi yeyote hulitambua bila vyombo: unachuchumaa kwenye ncha moja, unafumba jicho moja, unautazama mstari wa ukingo hadi ncha ya pili, na unaona tumbo. Matao yalikuwa yakishuka kwenye kilele, na hayakuonyesha dalili ya kusimama. Mwishowe mshuko ulifika sentimita 13.

Hesabu ya hapa ni rahisi, na tuifanye pamoja. Chukueni nusu ya tao la kati: kwa upana ni mita 36.25, kwa kimo ni kama mita 4.8, hivyo mstari wa kutoka bawaba ya mguuni hadi bawaba ya kileleni ni takriban mita 36.6. Mstari huo ukifupika kidogo, kilele kinashuka kwa kiasi cha ufupi huo mara 36.6 ukigawa kwa 4.8, yaani zaidi ya mara saba na nusu. Maana yake ni kwamba sentimita 13 za kushuka zinahitaji kila nusu ya tao ifupike kwa milimita 17 tu. Milimita 17 katika mita 36 ni chini ya nusu milimita kwa kila mita, ufupi ambao huwezi kuuona kwa jicho wala kuupima kwa futi ya fundi. Ubapa wa tao ndio ulioukuza hadi ukaonekana. Lingekuwa tao la kimo cha moja ya tano, ufupi uleule ungelishusha kwa sentimita tano hivi, na huenda pasingekuwa na mtu wa kushtuka.

Kibaya zaidi, mambo haya hujilisha yenyewe. Tao likishuka, kimo chake kinapungua. Kimo kikipungua, msukumo unaongezeka. Msukumo ukiongezeka, zege linabanwa zaidi na kufupika zaidi. Kuna hatua ambayo tao bapa lenye bawaba tatu haliwezi tena kushikilia umbo lake, linageukia chini kwa ghafla kama mfuniko wa kopo unaobonyezwa, na hapo hakuna cha kuokoa.

Kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alirejea Moulins usiku mmoja, akapanda baiskeli hadi Le Veurdre, akamwamsha msimamizi wake na watu watatu wa kuaminika. Watu watano, basi. Walizirudisha jeki kwenye zile nafasi alizoziacha, na mwanga wa alfajiri ulipotosha kusoma kipimo wakaanza kuyapandisha matao yote matatu kwa wakati mmoja. Sababu ya kupandisha yote kwa pamoja iko wazi kwa anayejua msukumo: nguzo za katikati ya mto husimama kwa kuwa tao la kushoto na la kulia huzisukuma sawasawa, kama watu wawili walioegemeana migongo, na ukikaza moja peke yake unaihukumu nguzo. Siku hiyo ilikuwa ya gulio. Kila baada ya dakika chache walilazimika kusimamisha kazi ili magari yapite juu ya daraja lililokuwa likinyanyuliwa. Walipomaliza, ukingo ulikuwa umenyooka tena, na zile bawaba za kileleni zikazibwa kwa zege ili zisiwepo kabisa. Daraja likatulia hadi lilipobomolewa katika Vita vya Pili vya Dunia. Ndugu yake wa Boutiron, karibu na Vichy, yuko mpaka leo.

#6 · Mchangiaji

Naomba nitofautiane kidogo na sauti ya sifa inayosikika humu. Mtu amejenga daraja la umma kwa ubapa ambao hakuna aliyewahi kuujaribu, limeanza kuzama, amelirekebisha alfajiri bila kumjulisha mtu huku wakulima na mizigo yao wakipita juu. Leo hii angefutiwa usajili, na ingekuwa haki. Kama jeki moja ingevuja mafuta, sisi tungekuwa tunasoma habari ya maafa.

#7 · Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, sina pingamizi na hilo, na sidhani kama inafaa kumvika Freyssinet kilemba cha utakatifu. Barabara ilipaswa kufungwa. Ninachokitetea ni kitu kidogo zaidi: kwamba alipokuwa akibuni kitu ambacho hakuna aliyekuwa na uzoefu nacho, aliacha ndani yake njia ya kukirekebisha. Nimefanya kazi kwenye barabara miaka mingi na nimeona michoro ambayo mtengenezaji wake alikuwa na hakika kiasi kwamba hata mahali pa kuweka jeki ya kubadilishia mpira wa kuegemea daraja hakupaweka. Mtu wa hakika namna hiyo hunitia hofu kuliko huyu wa baiskeli.

Tena hakunyamaza. Miaka iliyofuata aliishi na swali hilo: zege lilienda wapi?

#8 · Mchangiaji kutoka Unguja

Shikamoo mwanzisha uzi. Umenikumbusha dari za nyumba za Mji Mkongwe. Boriti za mikoko zilizobeba chokaa na mawe kwa miaka mia na zaidi huwa zimelala tumbo, na mafundi wa zamani hukwambia kwamba boriti "imechoka". Haikuvunjika, haina ufa, ila imechoka. Je, ni jambo hilohilo?

#9 · Mwanzisha uzi

Marahaba. Ni jambo hilohilo kabisa, na neno la mafundi wako ni zuri kuliko la vitabuni. Wahandisi waliosoma kwa Kiingereza huliita kripu: kitu kilichobeba mzigo wa kudumu huendelea kujipinda au kujifupisha taratibu, ingawa mzigo haukuongezeka hata kilo. Mti huchoka hivyo, na zege pia. Katika zege, ufupi unaokuja polepole kwa miaka kadhaa unaweza kufika mara mbili ya ule uliotokea siku ya kwanza, na huwa mkubwa zaidi zege likipewa mzigo likiwa changa. Juu ya hapo kuna kusinyaa, yaani ufupi unaotokana na zege kukauka, hata kama halikubeba chochote. Vyote viwili vikijumlishwa ni kati ya nusu milimita na milimita moja kwa kila mita. Rudini kwenye hesabu yetu ya Le Veurdre: chini ya nusu milimita kwa mita. Linaingia.

Plougastel ndipo Freyssinet alipopata nafasi ya kulipima jambo hili kwa utulivu. Wakati ujenzi unaendelea, katika nusu ya pili ya miaka ya 1920, alifanya majaribio ya zege lililowekewa mzigo kwa muda mrefu, akajiridhisha kwamba linafupika na kwamba mwendo huo hupungua kadiri muda unavyopita. Hilo la pili ndilo lililompa amani: mchoko wa zege una mwisho, kwa hiyo unaweza kuwekwa kwenye hesabu. Na matao ya Plougastel yalifunguliwa kwa jeki kileleni, kama yale ya Allier, safari hii akijua anafidia nini.

Lakini nisiwapite bila kueleza zile mbao, kwa sababu kwa watu wa pwani hii ndiyo sehemu tamu. Tao la zege la mita 180 linahitaji tao la mbao chini yake la kulishikilia likiwa bichi. Kujenga matatu ya mbao kungemaliza faida yote. Freyssinet alijenga moja tu, tao zima la mbao zilizopigiliwa misumari, lililojengwa ufukweni, miguu yake miwili ikifungwa pamoja kwa kamba za chuma ili lisitanuke. Chini ya miguu yakaingizwa matishari mawili ya zege, yaani vyombo bapa vinavyoelea. Maji yalipojaa, matishari yakalinyanyua tao la mbao kutoka lilipokaa. Likavutwa hadi kati ya nguzo, likalengwa mahali pake, na maji yalipokupwa likashuka na kukaa juu ya viegemeo vilivyokuwa vikilisubiri. Zege likamwagwa, likashika, mbao zikateremshwa, zikangojewa tena maji, zikavutwa kwenye tao la pili, kisha la tatu. Kati ya maji kujaa na kupwa pale Brest, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, kuna tofauti inayozidi mita sita. Mashine ya kunyanyua tao lile ilikuwa bahari yenyewe, na bahari haikuleta ankara. Manahodha wetu wanaopandisha jahazi ufukweni kwa maji ya bamvua ili walipake shahamu wangemwelewa mara moja.

#10 · Mchangiaji

Naomba kuongeza jambo moja lililo jirani na mada. Mwaka uleule wa 1930 huko Uswisi kulikamilika daraja la Salginatobel, la Robert Maillart, karibu na Schiers: tao la zege la mita 90, bawaba tatu, sanduku tupu, juu ya korongo. Nalo lina kisa cha mhandisi kufundishwa na kazi yake. Mwaka 1901 Maillart alijenga daraja la Zuoz, na baada ya muda kuta zake za pembeni zikapata nyufa karibu na miguu. Badala ya kuongeza nondo mahali pa nyufa, alijiuliza kama ukuta ule ulihitajika. Daraja lililofuata, la Tavanasa mwaka 1905, akaikata sehemu ile na kuiacha wazi kwa umbo la pembetatu. Tavanasa lilisombwa na maporomoko mwaka 1927, lakini umbo lake ndilo lililozaa Salginatobel. Kwa Maillart ni ufa, kwa Freyssinet ni ukingo uliobonyea.

#11 · Mwanzisha uzi

Nyongeza nzuri, na imenipunguzia kuandika. Tofauti ninayoiona ni kwamba Maillart alikata palipopasuka, akabaki katika ulimwengu wa matao. Freyssinet alifuata ule mshuko hadi ukamtoa kwenye matao kabisa. Nitaeleza jinsi gani.

Kabla yake watu walikuwa wamejaribu kulikaza zege kwa chuma kilichovutwa: unaivuta nondo, unamwaga zege, zege likishika unaiachia, nayo kwa kutaka kurudi inalibana zege, hivyo zege linakuwa limeshabanwa kabla ya mzigo kuja. Wazo zuri, lakini kila mara baada ya miezi kadhaa ule mkazo ulitoweka na hakuna aliyejua umekwenda wapi. Freyssinet alijua. Nondo laini ya siku zile, ikivutwa kwa nguvu ya kawaida, hurefuka kama robo tatu ya milimita kwa kila mita. Zege nalo, kwa kusinyaa na kuchoka, hufupika nusu milimita hadi milimita nzima. Ufupi wa zege unameza urefu wote wa nondo, na mkazo unaisha. Dawa yake ni chuma kigumu sana, kinachoweza kuvutwa hadi milimita tano kwa mita bila kuharibika. Zege likila milimita moja, bado nne zimebaki, na mkazo unadumu. Tarehe 2 Oktoba 1928, matao ya Plougastel yakiwa bado kazini, yeye na Jean Séailles waliandikisha hataza ya zege la kukazwa. Miaka michache baadaye, mwaka 1934, alilitumia kuokoa jengo la bandari ya abiria ya Le Havre lililokuwa likididimia, na tangu hapo hakuna aliyembishia.

#12 · Mchangiaji

Kwa hiyo madaraja yetu ya siku hizi, kama la Tanzanite pale Dar es Salaam au la Kigongo–Busisi kule Mwanza, yametokana na huyo mzee?

#13 · Mwanzisha uzi

Kwa upande wa zile sakafu zao za zege lililokazwa kwa nyaya, ndiyo, ukoo unaanzia hapo. Mhandisi anayekokotoa nyaya hizo analazimika kukata, katika mkazo aliouweka, fungu litakalopotea kwa zege kuchoka na kusinyaa. Fungu hilo ndilo sentimita 13 za Le Veurdre, limevaa nguo nyingine.

Kuhusu Plougastel lenyewe, historia yake baada ya 1930 si ndefu. Mwaka 1944 Wajerumani, wakizingirwa Brest, walilipua tao moja. Likajengwa upya na daraja likafunguliwa tena mwaka 1949. Magari yaliongezeka hadi barabara ile ikawa nyembamba mno, na mwaka 1994 pembeni yake likafunguliwa Daraja la Iroise, linaloning'inia kwa nyaya, lenye upenyo mkuu, yaani nafasi kati ya nguzo na nguzo, wa mita 400. Daraja la zamani limebaki kwa waenda kwa miguu, baiskeli na vyombo vya mwendo wa polepole. Ukisimama juu yake unaliona jipya likiwa limepita kwa hatua moja palipohitaji matao mawili na zaidi.

Sitaki mbaki na picha kwamba kujua mchoko wa zege kulimaliza shida za matao. Mwaka 1953 yalifunguliwa madaraja matatu ya matao ya Freyssinet kwenye barabara kuu ya Caracas kwenda La Guaira, Venezuela, kubwa kabisa likiwa na upenyo wa takriban mita 152. Zege lake lilifanya kazi yake. Kilichosogea ni mlima. Mteremko wa upande mmoja ulikuwa ukiporomoka polepole na kulisukuma tao kutoka mguuni, mwaka baada ya mwaka, yaani kinyume cha Le Veurdre: kule tao lenyewe lilifupika, huku miguu ndiyo iliyosogezwa karibu. Mafundi walihangaika kulifungulia na kulipunguzia shinikizo. Magari yalizuiwa Januari 2006, na tarehe 19 Machi 2006 daraja likaanguka, likiwa tupu. Tao linaegemea ardhi kwa namna ambayo boriti haifanyi, na ardhi ikiondoka hakuna jeki ya kuirudisha.

#14 · Mchangiaji aliyesema zege ni jiwe

Nimesoma kuanzia mwanzo na ninafuta kauli yangu. Sasa nina jambo la nyumbani. Nilijengewa slebu ya juu na fundi ambaye alifumua mirunda siku ya nane kwa sababu alikuwa anaihitaji kwenye kazi nyingine. Mwaka wa pili huu, mlango wa chumba kilicho chini ya katikati ya slebu unakwaruza fremu kwa juu, na nimeshauranda mara mbili. Fundi ananiambia ni mbao za mlango zinavimba kwa mvua.

#15 · Mwanzisha uzi

Mbao zikivimba kwa mvua, kiangazi zingerudi. Kama unakwaruza Januari na Julai vilevile, kinachoshuka ni slebu. Siku ya nane zege bado ni changa, na zege changa likiachiwa mzigo huchoka zaidi kuliko lililosubiri, kwa hiyo tumbo lake litakuwa kubwa kuliko lile ambalo ungekuwa nalo kama mirunda ingekaa wiki tatu au nne. Habari njema ni ileile iliyompa Freyssinet usingizi: mwendo huu hupungua. Usiurande mlango tena kwanza. Funga uzi kutoka ukuta hadi ukuta chini ya slebu, ukazwe vizuri, upime nafasi kati ya uzi na zege katikati ya chumba, uandike tarehe na kipimo kwa penseli hapo hapo ukutani. Rudia kila baada ya miezi miwili. Vipimo vikikaribiana, randa mlango mara ya mwisho. Vikiendelea kuongezeka kwa kiasi kilekile, au ukiona nyufa upande wa chini zinazoingia ukucha, simamisha mirunda upya katikati siku hiyo hiyo na umwite mhandisi aje na michoro ya nondo, kabla hujamwita fundi.

#16 · Mchangiaji aliyesema zege ni jiwe

Uzi nimeufunga jioni hii. Milimita 22.

#17 · Mchangiaji, fundi mwashi

Chumba kina upana gani, ndugu?

#18 · Mchangiaji aliyesema zege ni jiwe

Mita nne na nusu.

#19 · Mwanzisha uzi

Ni nyingi kwa upana huo, ila sehemu yake inaweza kuwa mbao za boksi zilizokuwa zimelegea tangu siku ya kumwaga. Kipimo kimoja hakitenganishi hayo mawili. Weka mirunda miwili katikati kwa sasa, ibane kwa kabari bila kuinyanyua slebu, na tuandikie kipimo cha pili.